Boneti Iliyolala Kitandani

Mama mkwe alitanguliza mkoba, akafuatisha kiatu kimoja, kisha akakwama. Gari lilikuwa la chini kama sinia, mlango wake mdogo, na yeye alikuwa amevaa gauni la heshima lililombana magotini. Mvuke ulikuwa ukifuka kuizunguka boneti yote, na maji ya moto yalikuwa yakichuruzika barabarani. Mkwewe, ambaye mtaani walimwita Mwenye Ukumbi kwa sababu alikuwa na ukumbi wa harusi, alikuwa amesharuka nje zamani. Sasa alizunguka mbio amshike mkono.

“Niache,” mama mkwe alisema, akijivuta kwa kushika mlango. “Uliniambia ni gari la mbio. Kumbe wa kukimbia ni mimi.”

Ng'ambo ya barabara waosha magari waliacha matambara yao. Mmoja alipaza sauti, “Bosi! Maji yameshachemka. Majani ya chai mnayo, au tulete?”

Baba Pacha alifika na pikipiki ya kuazima. Alikuwa akiwafuata tangu walipotoka karakana, si kwa wasiwasi, ila alitaka kuona watu wanavyoligeukia gari lake. Waligeuka kweli. Sasa walikuwa wanageuka zaidi.

Alikuwa fundi bodi. Kwa karibu mwaka mzima alilijenga gari hilo akifuata picha moja iliyochanwa kwenye jarida: gari la mbio la kigeni, ambalo bei ya lile la kweli ingeweza kumeza ukumbi mzima na viti vyake. Mwenye Ukumbi hakuhitaji la kweli. Alitaka linalofanana nalo, la kubebea maharusi. Basi Baba Pacha alichukua fremu ya gari lililogongwa, akaikata, akaiunga upya, akafinyanga juu yake bodi ya faiba kwa mkono. Mkewe, Mama Pacha, alishona viti. Injini, tena injini kubwa ya silinda sita, ilifungwa na mdogo wake Mama Pacha, mtu wa maneno machache aliyejulikana kwa jina la Bolti.

“Fundi,” Mwenye Ukumbi alisema, na hakupandisha sauti, jambo lililomuumiza Baba Pacha kuliko matusi. “Jumamosi nina harusi. Maharusi wameshaliona hili gari kwenye simu yangu, wameshawaringia wenzao. Ijumaa mchana nakuja. Likienda na kurudi bila kuchemka, tunamalizana. Likichemka, nirudishie advansi yangu, tuachane kwa amani.”

“Sawa, bosi.”

“Sawa ipi? Hiyo sawa ndiyo uliyonipa asubuhi.”

Advansi ilikuwa imeshakuwa injini. Iliyobaki ilikuwa imeshakuwa faiba na rangi. Kuirudisha kungemaanisha kuuza kompresa, na fundi bodi asiye na kompresa atapuliza rangi kwa mdomo. Baba Pacha alilijua hilo, na alikuwa analifikiria wakati akiinamisha kichwa kulisukuma gari pamoja na wale waosha magari, kupita maduka, kupita kinyozi, kupita wanafunzi waliokuwa wanatoka shule.

“Mbona la mbio linasukumwa?” mtoto mmoja aliuliza.

“Linapasha misuli,” mwenzake alimjibu.

* * *

Walipofika karakana, jambo la kwanza Baba Pacha alilofanya halikuwa kuangalia injini. Alifungua boneti, akaitoa kwenye bawaba zake, akaifuta maji kwa kitambaa laini, akamwita mkewe. Mama Pacha aliacha cherehani, akashika upande wa pili bila kuambiwa. Waliibeba mpaka nyuma ya karakana kulikokuwa na vyumba vyao, wakaiingiza chumbani kiubavu, wakailaza kitandani.

Ilikuwa imelala hapo kwa wiki nyingi. Karakana ilijaa vumbi la msasa, uani kulikuwa na kuku, sebuleni kulikuwa na pacha, wasichana wawili wa darasa la nne ambao mikono yao haikuaminika. Kitanda ndicho kilichobaki. Mume na mke walilala kwenye godoro, chini.

“Siku hizi sijui nani ameolewa hapa,” Mama Pacha alipenda kusema. “Mimi nalala sakafuni, mwenzangu kajifunika shuka.”

Na kweli ilikuwa kitu cha kutazamwa. Rangi yake nyekundu ilikuwa imesuguliwa mpaka ukiinama unaona meno yako. Katikati, nyuma kidogo, kulikuwa na mabaka mawili meusi, marefu, yaliyopinda kama nyusi, yamezungushiwa mstari wa fedha. Baba Pacha aliyapata mabaka hayo kwenye picha, akayarudia kwa rangi nyeusi inayong'aa, akayapaka tena na tena mpaka yakawa kama kioo. Kila aliyekuja kuliona gari aligusa hapo kwanza. Yeye mwenyewe, akidhani hakuna anayemwona, alikuwa akigusa hapo.

Aliporudi karakana alimkuta Bolti ameshapiga magoti mbele ya injini.

“Shemeji,” Baba Pacha alisema, “umenitia aibu leo.”

Bolti hakuinua kichwa. “Jana nilipanda nalo kilima. Nikashuka, nikapanda tena. Mshale wa joto ulikaa katikati, haukusogea hata kidogo.”

“Kwa hiyo mama mkwe wa watu amejichemsha mwenyewe?”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema nini?”

“Nimesema jana halikuchemka.” Bolti alisimama, akajifuta mikono. “Ngoja nilipime pole pole. Nikijua, nitakuambia.”

* * *

Bolti hakujua kazi kwa njia nyingine isipokuwa kuanzia mwanzo. Alimwaga maji yote, akayapokea kwenye ndoo nyeupe aone kama kuna kutu au mafuta. Hakukuwa. Alitoa themostati, kile kifaa kidogo kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto, akaomba sufuria ya dada yake, akachemsha maji na kukitumbukiza humo huku pacha wakichungulia.

“Unaipika?” mmoja aliuliza.

“Naiuliza swali,” Bolti alisema. “Ikifunguka, imejibu.”

Ilifunguka. Aliikagua pampu ya maji, haikuwa na kosa. Alipitisha maji kwenye rejeta, yakatoka upande wa pili kwa nguvu. Aliitoa hewa iliyokwama kwenye mipira, akatazama kama kuna mapovu yanayoashiria gasketi iliyokufa, akaiwasha feni na kuweka kipande cha gazeti mbele ya rejeta, kikavutwa, kikanata. Akafunga kila kitu, akalitoa gari kama lilivyo, matumbo nje, akaenda nalo mpaka juu ya kilima na kurudi.

“Halichemki,” alisema.

Baba Pacha alifurahi kama aliyefutiwa kesi. Walileta boneti kutoka kitandani, wakaifunga, naye akavaa shati safi, maana mtu haendeshi gari kama lile kwa ovaroli. Alirudi baada ya muda, kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha kwenye kona ileile ya mama mkwe, linafuka, waosha magari wamelizunguka kama jamaa wa mgonjwa.

“Limechemka,” alisema.

“Uliliendeshaje?”

“Niliendeshaje! Nimeendesha gari kabla hujajua kuvaa viatu. Niliendesha kama mtu anayeendesha gari.”

“Kwangu halichemki, shemeji.”

“Na kwangu linachemka. Sasa mmoja wetu ni mwongo, au vipi?”

Siku ya pili ikawa vilevile. Boneti iliondolewa, ikafutwa, ikarudishwa kitandani; Bolti akaanza upya kutoka kwenye ndoo nyeupe, akatoka na gari, akarudi na gari. Baba Pacha akatoka na gari, akarudi akivutwa kwa kamba. Jirani mwenye duka la vipuri alisema feni ni ndogo. Fundi redio alisema ni mafuta. Kinyozi alisema gari lina mkosi, afadhali lipakwe rangi nyingine.

Jioni walikuwa mezani, wote watano. Bolti alinyoosha mkono kuongeza chakula. Baba Pacha alitazama kile kijiko kikubwa kikienda na kurudi.

“Kula, shemeji,” alisema. “Kula kwenyewe hakujakushinda.”

Mama Pacha aliinua macho. “Baba Pacha.”

“Nasema uongo? Injini imemshinda, aseme. Mimi nimetafuta jina langu miaka yote hii kwa mikono hii. Sasa mtu anakaa kwangu, analala kwangu, anakula kwangu, na jina langu analivuta kwa kamba barabarani, watoto wa shule wanacheka.”

Pacha waliacha kutafuna. Bolti alikirudisha kijiko kwenye bakuli, taratibu, kama anavyorudisha spana kwenye sanduku. Sahani yake ilikuwa bado na chakula. “Asante, dada,” alisema, akaenda kwenye chumba chake cha uani. Alipotoka alikuwa na begi begani. Alipita nyuma ya viti vyao bila kumgusa mtu na kufungua geti kwa uangalifu lisipige kelele.

Hakuna aliyemwita. Mama Pacha aliichukua ile sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati.

“Ya nini hiyo?” mumewe aliuliza.

“Ya mwenyewe.”

* * *

Alhamisi asubuhi alikuja mtu kuitazama kompresa. Alikuwa mnene, mwenye tabasamu, na alikuwa na tabia ya kupiga vitu teke dogo anapovipima thamani. Aliipiga kompresa teke, akaisikiliza.

“Ya zamani,” alisema.

“Inafanya kazi,” Baba Pacha alijibu.

“Zote zinafanya kazi siku ya kuuzwa.” Akaipiga tena. “Nitapita kesho jioni. Bei yangu unaijua. Usiioshe, nitaiosha mwenyewe.”

Mama Pacha aliyasikia hayo kutoka kwenye cherehani. Alikata uzi, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Alimkuta Bolti nyuma ya duka la vipuri, alikolala juu ya maboksi, akipanga mikanda ya feni kwa ukubwa ingawa hakuna aliyemwomba.

“Rudi nyumbani,” alimwambia.

“Dada, pale siyo kwangu. Nimeambiwa.”

“Umeambiwa na mtu mwenye hofu. Kuna mtu leo anaipiga teke kompresa yetu.” Alikaa kwenye boksi. “Niambie kitu kimoja, na usinifiche. Wewe likichemka unanyamaza?”

“Halichemki.”

“Na yeye?”

“Yeye hawezi kulichemsha makusudi. Analipenda mno.” Bolti alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha na halikumpa raha. “Nilitaka niseme analikimbiza sana. Lakini nimemwona anavyoondoka. Anaendesha kama amebeba mayai.”

“Basi wote mnasema kweli,” Mama Pacha alisema. “Hiyo ndiyo inayonitisha. Njoo tupande, mimi na wewe, halafu mimi na yeye. Viti nimeshona mimi, nina haki ya kuvikalia.”

* * *

Wanaume wawili walisalimiana kwa videvu. Bolti aliwasha gari, Mama Pacha akajipenyeza kwenye kiti cha pembeni, na waliondoka injini ikiwa wazi mbele yao. Baba Pacha alibaki getini, akijifanya anaokota misumari.

Walirudi. Mama Pacha alitoka akiwa amejaa vumbi la barabarani. “Mshale ulikaa katikati njia nzima,” alisema. “Sikuondoa macho.”

“Sawa,” Baba Pacha alisema. “Sasa zamu yangu. Nisaidie boneti.”

Waliingia chumbani. Yeye alishika upande wa mbele, mkewe upande wa nyuma, wakainyanyua kutoka kwenye shuka. Mlangoni waliiinamisha kiubavu, kama kawaida. Hapo Mama Pacha alisimama. Alikuwa upande wa ndani, mumewe upande wa nje, na boneti katikati yao, mlangoni.

“Pita basi,” mumewe alisema.

“Subiri. Bolti akilijaribu gari, hii inakuwa wapi?”

“Kitandani. Unataka iwe wapi?”

“Na wewe ukilijaribu?”

“Juu ya gari. Nitapitaje mjini na matumbo ya gari nje?”

“Na siku ya mama mkwe?”

 Baba Pacha alianza kuhesabu kichwani siku zote ambazo gari lilitoka, na kila siku aliyoigusa alikuta kitu kilekile: boneti ilikuwa juu, au ilikuwa imelala.

“Mama Pacha, boneti haiwezi kuchemsha injini,” alisema hatimaye. “Hiki ni kifuniko tu.”

“Sijasema inachemsha. Nimesema ndiyo peke yake inayobadilika. Nikishona gauni likabana, siulizi gauni zima. Nauliza jana halikubana, leo nimeongeza nini.” Mikono ilikuwa inamchoka. “Ama tupite, ama tuirudishe. Nzito.”

Bolti alikuwa amesikia, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi. Alikuja mpaka mlangoni, akaitazama boneti, kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

“Dada, una uzi mwekundu?”

* * *

Alikata nyuzi za urefu wa kidole, nyingi, akazibandika kwa gundi ya karatasi kuzunguka mdomo wa mbele wa gari, pale upepo unapoingilia kwenda kwenye rejeta. Gari likaonekana kama limeota ndevu. Pacha, waliokuwa wametoka shule, walicheka mpaka wakakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu gari lianze kuchemka hakuna aliyewafukuza.

Bolti aliendesha bila boneti. Baba Pacha aliazima tena pikipiki, mkewe akakaa nyuma yake, wakaenda sambamba na pua ya gari, Mama Pacha amening'iniza shingo.

“Zinafanyaje?” mumewe alipiga kelele.

“Zinaingia! Zote zimelala ndani!”

Walirudi, wakafunga boneti, wakatoka tena. Safari hii Mama Pacha alizidi kuinama. Nyuzi hazikuwa zinaingia. Zilikuwa zinababaika pale mdomoni, zikageuka, zikalala kwa nje kuelekea pembeni, kama wageni waliofika mlangoni wakakuta chumba kimejaa, wakaamua kurudi walikotoka.

“Simama!” Mama Pacha alisema. “Mwambie asimame kabla halijachemka!”

Kando ya barabara Bolti alilala chini akatazama uvungu. Alinyanyuka na vumbi mgongoni. Alizungumza na shemeji yake, si dada yake.

“Upepo hauingii kwa sababu hauna pa kutokea. Mbele kuna mdomo mzuri. Lakini chini umeweka bati, uvungu uwe safi. Pembeni kuna matairi. Juu kuna boneti. Feni inavuta, inavuta, mwisho inajisukuma yenyewe. Ukiitoa boneti, joto linapaa lote.”

“Lile la kweli lina boneti,” Baba Pacha alisema. “Na nimelifuata kila kitu. Kila kitu, shemeji. Hata skrubu nimezifuata.”

 Waliporudi alienda moja kwa moja kwenye kabati la karakana, akaibandua ile picha kwenye mlango wake, akatoka nayo mpaka uani juani. Aliishika karibu na macho. Mwaka mzima alikuwa ameitazama kwenye kivuli cha karakana, na kivulini nyeusi ni nyeusi. Juani aliona kwamba weusi ule haukuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa mzito, upande mwingine ulififia, na ndani kabisa, kidogo kama punje ya mchanga, kulikuwa na kitu kinachong'aa. Kilikuwa ncha ya bomba la injini.

Alikaa juu ya tairi.

“Siyo rangi,” alisema. “Ni tundu. Yote mawili ni matundu.”

Aliyakumbuka matabaka yote ya rangi aliyoyapaka, msasa wa maji, mstari wa fedha aliouchora akiwa amezuia pumzi. Alikuwa amepamba mlango wa kutokea joto mpaka ukawa ukuta. Mama Pacha alimtazama Bolti akitegemea atasema neno, maana kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema neno siku hiyo alikuwa yeye.

Bolti aliichukua picha, akaitazama, akamrudishia. “Picha haina upepo,” alisema. “Ungeuonaje?”

* * *

Ijumaa asubuhi Baba Pacha aliinama juu ya boneti na grainda mkononi. Alichora mstari wa chaki ndani ya mstari wa fedha. Aliufuta, akauchora tena. Akaiwasha grainda, akaizima.

“Kata wewe,” alimwambia Bolti.

“Hapana. Mimi nitakata njia ya upepo chini, wewe utakata umbo.”

“Mikono imekataa.”

“Ngoja itulie. Hatukimbizani na mtu.”

Walikuwa wanakimbizana na Mwenye Ukumbi, na kila mmoja alijua, lakini kule kuambiwa kulimsaidia. Alikata. Vumbi la faiba lilipanda jeupe, likamkaa kwenye nyusi. Pacha mmoja aliangua kilio, “Baba anaikata boneti!” na mwenzake akamjibu kwa sauti ya mtu mzima, “Anaitoboa pua.”

Vile vipande viwili vyeusi vilivyong'aa vilipoanguka, Baba Pacha aliviokota, akavifuta kwa kiganja, akavitia mfukoni. Bolti alifunga wavu wa chuma kwa ndani, akaondoa nusu ya nyuma ya bati la uvungu. Kingo za matundu zilikuwa zimechanika kidogo. Mama Pacha alichukua mabaki ya ngozi nyeusi ya viti, akayakunja juu ya kingo na kuyabana kwa gundi, akizungusha kidole kama anayepiga pindo shingo ya gauni la bibi harusi. Alipomaliza, ungedhani ilikusudiwa tangu mwanzo.

Wanaume wawili walipanda. Walipita kwa kinyozi, walipita maduka, wakafika kwenye ile kona. Waosha magari walisimama na ndoo zao tayari. Gari lilipita. Lilipanda kilima kwa sauti ile nzito ya silinda sita, na mshale ukapanda mpaka katikati, ukafikiri, ukakaa. Kileleni Baba Pacha hakugeuza. Aliendelea mbele, kisha mbele tena, bila sababu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake mpya mara mbili. Juu ya matundu hewa ya moto ilikuwa inacheza, na barabara iliyokuwa nyuma yake ilionekana inatetemeka.

“Shemeji,” alisema.

“Naam.”

“Yale maneno ya mezani.”

“Tazama barabara,” Bolti alisema.

Alitazama barabara, akabadili gia. “Sahani yako dada yako ameifunika juu ya kabati. Nilitaka kuiosha jana. Akasema nikiigusa nitalala na kompresa.”

Bolti alicheka. Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alitikisika mabega tu, lakini gari lilikuwa dogo na mwenzake alihisi.

* * *

Mwenye Ukumbi alikuja mchana na mama mkwe kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Alipoona boneti alisimama.

“Mmelitoboa! Gari la harusi mmelitoboa!”

Baba Pacha angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyaandaa: hali ya hewa, kilima, ubora wa vipuri siku hizi. Alimpa picha.

“Itazame kwenye jua, bosi. Pale palikuwa matundu. Mimi nikaona weusi, nikapaka rangi. Injini haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Huyu,” alimwonyesha Bolti, aliyekuwa anajificha nyuma ya ndoo, “alinieleza halichemki, mimi nikamtukana. Kosa ni la mkono wangu.”

Mwenye Ukumbi alitazama picha, akatazama boneti. Akatazama picha tena. “Kwa hiyo sasa ndiyo linafanana?”

“Sasa ndiyo linafanana.”

“Mazungumzo mtamaliza baadaye,” mama mkwe alisema. Alikuwa ameshatoka nje, na leo alikuwa amevaa gauni pana. “Nipelekeni mpaka pale niliposhukia. Halafu mnipeleke mbele ya hapo. Wale waosha magari wa majani ya chai nataka wanione.”

Walikawia. Mama Pacha alikaa kwenye cherehani bila kushona. Mtu wa kompresa alifika, akakaribishwa kiti na soda, akakaa na mguu wake wa kupigia mateke umetulia. Kisha sauti nzito ikasikika kutoka mwisho wa mtaa, ikakua, ikaingia getini, ikazimika. Hakukuwa na mvuke. Mama mkwe alitanguliza mkoba, kiatu kimoja, kiatu cha pili, akasimama wima bila kushikwa na mtu. Aliweka kiganja juu ya tundu moja, akakitoa haraka.

“Joto linatoka,” alitangaza. “Na mimi nimetoka mzima. Mkwe, lipa watu.”

Mtu wa kompresa aliaga bila kumaliza soda.

* * *

Begi la Bolti lililetwa kutoka duka la vipuri na Baba Pacha mwenyewe, begani, mchana kweupe, mtaa mzima ukiona. Kinyozi alimuuliza kama anahama. “Narudisha mtu,” alijibu.

Gari lilikuwa limeondoka. Mama Pacha aliingia chumbani, akatandua shuka lenye madoa ya nta ya kung'arishia, akatandika jipya. Alilinyanyua godoro kutoka sakafuni, akalirudisha juu ya lile la kitandani, kitanda kikawa kirefu kama cha hoteli. Alikusudia kukaa kidogo tu. Alijinyoosha, akaupeleka mkono upande wa pili kwa mazoea, akitarajia kugusa kitu kigumu cha baridi. Hakikuwepo.

Kupitia dirishani alisikia sauti zao. Mtu alikuwa ameleta picha nyingine, ya basi dogo lenye pua ndefu, na mumewe, ambaye tangu amjue hakuwahi kumuuliza mtu yeyote juu ya picha, alikuwa anauliza.

“Hapa peusi, shemeji. Rangi au tundu?”

Bolti aliinama juu ya picha.

“Isogeze juani,” alisema.

Mama Pacha alisikia viti vikiburutwa. Halafu usingizi ukamchukua, hakusikia tena.